Muundo wa Video kwa Anayerekodi Mtoni Kagera

Swali: Mpiga picha anayekusudia kurekodi akiwa mtumbwini katika Mto Kagera, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, achague muundo gani wa video?

Jibu: Maji yanayotiririka ni mtihani mgumu kwa kodeki, yaani kanuni ambayo kamera hutumia kubana picha ili faili lipungue ukubwa. Kwa kawaida H.264 na H.265 huhifadhi fremu moja kamili na kisha mabadiliko tu ya fremu zinazofuata, ilhali mtoni viwimbi, mafunjo yanayopepea na mtumbwi wenyewe unaoyumba hubadilisha karibu kila nukta, hivyo data ikiwa haba maji hugeuka vipande vya mraba.

Linalofaa zaidi, basi, ni kubana kila fremu peke yake kwa megabiti 400 kwa sekunde, ingawa saa moja hula gigabaiti 180. Gharama hiyo ni halali, kwa kuwa kiboko aliyekwisha kuzama harudishwi. Mwenye kadi chache atumie H.265 ya biti 10 kwa megabiti 100, sawa na gigabaiti 45 kwa saa, kwani biti 10 hutoa ngazi 1,024 za kila rangi ya msingi badala ya 256 za biti 8, na mng'ao wa jua majini hauachi michirizi.

Aidha, faili la MP4 hukamilishwa kurekodi kunapokoma, hivyo betri ikichomoka kipande chote chaweza kukataa kufunguka; vipande vifupi ni salama zaidi.