Ombi Lako Lifike Kabla Yako

Una ulemavu na una shida katika ofisi ya serikali hapa Tanzania? Kabla hujapanda daladala, soma haya.

1. Taja kitu unachohitaji. Ukisema tu "nina ulemavu, naomba mnisaidie," karani atakuonea huruma na kukupitisha mbele ya foleni, kisha atakukabidhi fomu ileile usiyoweza kuisoma. Sema wazi: naomba mkalimani wa lugha ya alama, naomba fomu ya nukta nundu au ya maandishi makubwa, natumia kiti mwendo, naomba nihudumiwe chumba cha chini.

2. Andika barua, hata kama jambo ni dogo. Maneno ya mdomo huondoka na mlinzi anapomaliza zamu. Anwani, tarehe, halafu "Yah: Ombi la mkalimani wa lugha ya alama", aya mbili zinatosha. Taja siku, saa na huduma unayoifuata. Historia ya ugonjwa wako haiwahusu. Wanachohitaji kujua ni kipi kitakuwezesha kuhudumiwa. Peleka nakala mbili masjala: moja wabaki nayo, ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. Wakikuambia "acha tu hapo mezani," tabasamu, kisha usubiri muhuri.

3. Wahi. Wakalimani ni wachache na hawaitwi kwa mluzi. Ukipata tu taarifa ya kikao au usaili, peleka ombi.

4. Unaomba ajira serikalini? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa na kipengele ambacho wengi wanakiruka: mwombaji mwenye ulemavu aainishe ulemavu wake kwenye mfumo. Wapo wanaouficha kwa hofu ya kukatwa jina mapema, na siwalaumu. Ila ukiuficha, siku ya usaili wa kuandika usitarajie kukuta karatasi unayoweza kuisoma. Mimi ningejaza.

5. Kwenye kupiga kura, asiyeona anaweza kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Si lazima awe yule anayependekezwa na mtu mwingine kituoni.

6. Ijue sheria kwa jina. Bara kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Zanzibar ina yake. Pia kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unaohesabu kumnyima mtu marekebisho stahiki kuwa ni ubaguzi. Mkataba huohuo hauilazimishi ofisi kubeba mzigo uliopitiliza, na hapo ndipo wakubwa hupenda kujificha. Basi wawekee mezani njia isiyo na gharama: lifti hawana, lakini afisa ana miguu, anaweza kushuka na faili.

7. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Kisha mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au chama chako: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, au SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyote hivyo. Ikishindikana, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na huhitaji wakili kuyapeleka.