Kumwondoa Gavana au Rais Mamlakani: Kwa Nini Wingi wa Kura Pekee Hautoshi

Mara tatu Bunge la Kaunti ya Meru lilipiga kura kumwondoa Gavana Kawira Mwangaza. Desemba 2022, wawakilishi wa wadi (MCA) 67 kati ya 69 waliunga mkono hoja hiyo. Oktoba 2023 walikuwa 59, na Agosti 2024 wakawa 49.

Ukitazama hesabu hiyo peke yake, utadhani hatari kubwa kwake ilikuwa ile mara ya kwanza. Mambo yalikwenda kinyume. Mara mbili za kwanza gavana alibaki kazini. Mara ya tatu, kura za nyumbani zilipokuwa chache kuliko zote, ndipo Seneti ilipomwondoa.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu wakazi wengi huamini kwamba MCA wakishapiga kura, basi gavana ameenda nyumbani. Sivyo. Katika somo hili tunaeleza sheria inasema nini kuhusu gavana, inasema nini kuhusu Rais, na mwananchi ana nafasi gani.

Sababu zinazokubalika

Kifungu cha 181 cha Katiba kinataja sababu nne za kumwondoa gavana:

1. Kukiuka Katiba au sheria nyingine kwa kiwango kikubwa.
2. Kuwepo sababu za msingi za kuamini kwamba ametenda uhalifu chini ya sheria za nchi au za kimataifa.
3. Kutumia vibaya mamlaka ya ofisi, au mwenendo mbaya uliokithiri.
4. Kutoweza kufanya kazi kwa sababu ya hali ya mwili au akili.

Kutopendwa si sababu. Kutofautiana na MCA kuhusu bajeti si sababu. Hata mradi kuchelewa, peke yake, si sababu. Katika kesi za aliyekuwa Gavana wa Embu, Martin Wambora, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba kosa linalodaiwa lazima liwe zito, na lazima pawe na uhusiano kati ya kosa hilo na gavana mwenyewe. Afisa wa chini akikosea bila gavana kuhusika, kosa hilo halimwangukii gavana moja kwa moja.

Safari ya hoja, hatua kwa hatua

Utaratibu uko katika sehemu ya 33 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Kwanza, MCA hutoa notisi ya hoja kwa Spika, ikiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wanachama wote wa bunge la kaunti. Pili, hoja inahitaji kura za angalau thuluthi mbili ya wanachama wote ili ipite. Kwa bunge la wanachama 69 kama la Meru, hizo ni kura 46.

Tatu, hoja ikipita, Spika wa kaunti humjulisha Spika wa Seneti katika muda wa siku mbili. Spika wa Seneti naye huitisha kikao katika siku saba ili mashtaka yasomwe. Seneti inaweza kuunda kamati maalumu ya maseneta 11, ambayo hupewa siku 10 kuchunguza na kuripoti. Inaweza pia kusikiliza mashtaka katika kikao cha maseneta wote. Gavana ana haki ya kufika, kujitetea na kuwakilishwa na mawakili.

Nne, kamati ikipata kwamba mashtaka hayakuthibitishwa, shughuli inaishia hapo. Yakithibitishwa, Seneti hupiga kura. Shtaka hata moja likiungwa mkono na wengi wa maseneta kama sheria inavyotaka, gavana anaondoka.

Sasa turudi Meru. Mwaka 2022 kamati ya maseneta 11 ilisema mashtaka hayakufikia kiwango kinachotakiwa. Mwaka 2023 Seneti nzima ilisikiliza mashtaka saba na yote yakaanguka. Mwaka 2024 yaliletwa mashtaka matatu, na Seneti ikayakubali yote. Bunge la kaunti hushtaki. Seneti hupima. Anayeshtaki hawezi kuwa huyo huyo anayehukumu.

Ni kweli kwamba maseneta nao ni wanasiasa, na vyama vina ushawishi. Ndiyo maana mlango wa mahakama hubaki wazi. Baada ya uamuzi wa Agosti 2024, Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wake kwa muda na Bi. Mwangaza akaendelea kuhudumu. Machi 2025 mahakama hiyo iliidhinisha kuondolewa kwake, na naibu wake, Isaac Mutuma, akachukua usukani.

Na Rais je?

Rais hupitia njia inayofanana na hiyo, lakini mlima wake ni mrefu zaidi. Chini ya Kifungu cha 145, hoja huanzia Bunge la Kitaifa, lenye wabunge 349 bila kumhesabu Spika. Lazima iungwe mkono na wabunge 117 kabla ya kuwasilishwa, na wabunge 233 ili ipite. Katika Seneti hautoshi wingi wa kawaida. Zinahitajika thuluthi mbili, yaani maseneta 45 kati ya 67. Tangu Katiba ya 2010, hakuna Rais wa Kenya aliyeondolewa kwa njia hii.

Naibu Rais huondolewa kwa utaratibu huo huo. Oktoba 2024 Bunge la Kitaifa lilimshtaki Rigathi Gachagua kwa mashtaka 11, na wabunge 282 wakaunga mkono hoja. Seneti ilipoyapima, ilikubali matano na kuyatupa sita. Hata hivyo, shtaka moja tu lingetosha kumwondoa.

Huduma hazisimami

Wakati hoja inaendelea, gavana hubaki gavana. Sheria inasema wazi kwamba anaendelea na kazi hadi Seneti iamue. Kwa hivyo zahanati haipaswi kufungwa wala leseni za biashara kucheleweshwa kwa kisingizio cha hoja. Gavana akiondolewa, hakuna uchaguzi mdogo. Naibu gavana huchukua nafasi hiyo kwa muda uliosalia, kwa mujibu wa Kifungu cha 182.

Hoja ikishindwa katika Seneti, mashtaka yale yale hayawezi kurudishwa kabla ya miezi mitatu kupita.

Nafasi yako kama mkazi

Mkazi hawezi kuwasilisha hoja ya kumwondoa gavana. Ni MCA pekee anayeweza. Lakini sehemu ya 15 ya sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Kifungu cha 196 cha Katiba nacho kinataka vikao vya bunge la kaunti viwe wazi kwa umma, na wananchi washirikishwe. Ukiitwa kutoa maoni, nenda. Ukiwa na barua, stakabadhi au picha zinazohusu jambo linalojadiliwa, ziwasilishe, kwa sababu ushahidi ndio unaopimwa.

Maswali haya hayamlindi gavana yeyote wala hayamhukumu. Yanamfaa mkazi anayetaka kuamua kwa kichwa chake.

Maswali ya kujadili nyumbani, darasani au barazani

1. Katika mashtaka uliyosikia, ni sheria gani hasa inayodaiwa kuvunjwa?
2. Je, aliyetenda ni kiongozi mwenyewe au afisa mwingine?
3. Ushahidi ni upi, na upande wa pili umejibu nini?
4. Kwa nini Katiba inadai kura nyingi zaidi za Seneti kumwondoa Rais kuliko gavana?