Banda la nguruwe lisilonuka

SWALI: Daktari, nafuga nguruwe wanne hapa Huruma, karibu na Mto Mathare. Majirani wanalalamikia harufu. Nifanyeje?

JIBU: Wana haki, na mto pia usiumwagie kinyesi. Jaza banda vumbi la mbao kavu, lisilotoka kwenye mbao zilizotiwa dawa, kina cha sentimita 60. Vijidudu vitaozesha kinyesi humo humo. Kamua konzi moja ya vumbi hilo: maji yakidondoka, pindua, ongeza vumbi kavu. Paa lisivuje kabisa.

Mabaki ya chakula cha hoteli unayowalisha yachemshe nusu saa ukikoroga, kwani yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika. Homa hiyo, iliyoelezwa kwanza Kenya mwaka 1921, haina tiba. Nguruwe akifa ghafla, tafadhali usimpasue wala usimuuze. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.