Pesa Zikirudi Kutoka Ng'ambo, Zinarudi kwa Nani?

SOMO LA VIKUNDI



Somo la safari hii limetokana na kesi niliyoitwa kuisikiliza mwaka 2024, katika kikundi cha kina mama wanaouza omena upande wa Seme. Kikundi sitakitaja, wala jamaa wenyewe. Wamenikubalia niisimulie ili wengine wajifunze. Mweka hazina wao aliniambia, "Sema yote, hata yale ya kutuaibisha."

Binti wa mwanakikundi mmoja alikuwa amepata barua ya kuitwa katika chuo kimoja cha Marekani. Chuo kilitaka kwanza alipe dola 4,000 za karo. Hiyo ilikuwa Januari 2024, na mtakumbuka wakati huo dola moja ilikuwa imepanda hadi karibu shilingi 160. Kwa hivyo zilitakiwa shilingi 640,000. Harambee ilileta 270,000. Familia iliuza ng'ombe wawili ikatoa 150,000. Zilizobaki, 220,000, kikundi kilizitoa kwenye kisanduku kama mkopo wa mama yake binti, alipe pole pole.

Hakuna hata mmoja wao aliyejua namna ya kutuma pesa ng'ambo. Lakini binti alikuwa na mjomba Nairobi, mtu wa kazi ya ofisi, mwenye akaunti na kadi ya benki. Basi mjomba akatumiwa zote kwa M-Pesa kwa siku mbili, naye akalipa chuo kwa jina lake. Risiti ikaja na watu wakapiga vigelegele.

Mwezi wa tano viza ikakataliwa. Binti alikaa wiki tano bila kumwambia mtu isipokuwa mama yake. Mwishowe akaandika barua ya kujiondoa, na mwezi wa saba chuo kikarudisha dola 3,800. Zile 200 zilikatwa kama gharama ya ofisi. Lakini mwezi huo wa saba dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129, kwa hivyo dola 3,800 zikawa shilingi 490,200. Zikaingia kwenye akaunti ya mjomba. Mjomba alikuwa na mkopo wa benki uliochelewa miezi kadhaa, na benki bila kuuliza mtu ikakata 130,000. Zikabaki 360,200.

Hapo ndipo nilipoitwa. Mwenyekiti alifungua daftari akaniuliza, "Zilienda laki sita na arobaini. Zinarudije laki tatu na sitini?" Mama mmoja alikuwa tayari amesema mjomba ni mwizi, na mama yake binti alikuwa analia kwa sababu huyo anayeitwa mwizi ni ndugu yake wa tumbo moja.

Nilichukua kalenda ya zamani nikaandika nyuma yake hesabu hiyo mnayoiona hapo juu. Chuo kilikata dola 200, ambazo kwa bei ya Januari ni shilingi 32,000. Kushuka kwa dola kulikula 117,800, na hizo hazikuliwa na mtu. Benki ilikata 130,000. Jumla ni 279,800. Ukitoa hapo kwenye 640,000 unapata 360,200. Walinyamaza. Kisha mweka hazina akasema polepole, "Kwa hivyo hii ya benki peke yake ndiyo mjomba anadaiwa." Ndiyo, hiyo peke yake. Mpaka leo anailipa kidogo kidogo.

Lakini swali gumu lilikuwa bado. Zile 360,200 zilizobaki ni za nani kwanza? Ni za kikundi, kilichokopesha? Ni za familia, iliyouza ng'ombe? Au ni za watu wa harambee, ambao walitoa kwa ajili ya masomo na masomo hayapo tena? Binti mwenyewe alitaka ziwekwe ajaribu tena mwaka ujao. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hakukuwa na karatasi hata moja. Tulikutana mara tatu. Mwishowe kikundi kilichukua 220,000 zake, nyingine zikaenda kwa familia, na mama mmoja wa harambee alihama kikundi kwa hasira. Sioni kwamba alikuwa na makosa.

Pesa hurudi kwa njia iliyoendea

Jambo moja nataka mlishike. Chuo cha ng'ambo kikirudisha karo, kwa kawaida kinairudisha kwa yule aliyelipa, kwenye akaunti au kadi ile ile iliyotumika. Vyuo vinafanya hivyo kwa sababu ya sheria za kuzuia watu kusafisha pesa za wizi. Chuo hakijui harambee wala ng'ombe wenu. Kinajua jina lililo kwenye malipo. Kama aliyelipa ni mjomba, pesa ni za mjomba. Kama ni ajenti, zinarudi kwa ajenti, na ninyi mnaanza kumtafuta kwenye ngazi za jumba fulani la mjini Kisumu. Na kama pesa hazikufika chuoni kabisa, chuo hakina cha kurudisha.

Hili la mwisho ndilo lililowapata jirani zetu wa Uasin Gishu. Serikali ya kaunti hiyo ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Ufini na Kanada. Wazazi waliuza mashamba na mifugo, wakalipa mamia ya maelfu ya shilingi, lakini hawakulipa vyuo. Walilipa kwenye akaunti ya hazina iliyofunguliwa huku nyumbani. Mwaka 2023 vijana waliokwisha kufika Ufini wakaanza kuambiwa karo yao haijafika. Wengine hata kusafiri hawakusafiri. Wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa zao. Agosti 2023 seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ulipoanza, alishtakiwa Nakuru pamoja na maofisa wengine kwa kula njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni moja. Alikana mashtaka. Mimi si hakimu, hilo ni la mahakama. Ninachotaka muone ni njia ya pesa: mzazi aliyelipa hazina hawezi kuandikia chuo cha Ufini barua ya kudai, kwa sababu chuo hakikupokea chochote kutoka kwake.

Watu wa ziwa si wageni wa mambo haya. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya kina Tom Mboya, mwana wa Rusinga, ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na tangu hapo vijiji vimekuwa vikichanga. Kuchanga tunajua. Kudai zirudi ndiko hatukufundishwa.

Nini hurudi na nini hairudi

Karo ndiyo hurudi kwa urahisi zaidi. Vyuo vingi hurudisha karo viza ikikataliwa, mradi upeleke barua ya ubalozi ya kukataliwa kabla ya tarehe waliyoweka, nao wakate kiasi fulani cha ofisi. Ada ya kuomba nafasi hairudi. Pesa ya kushika chumba ina masharti yake, ambayo siyo yale ya karo, kwa hiyo usifikiri barua moja imemaliza yote.

Pesa za serikali za kigeni ni jambo lingine. Kwa Marekani, ada ya viza ya mwanafunzi, dola 185 tangu 2023, hairudi hata ukikataliwa. Vilevile ile dola 350 ya kuandikishwa kama mwanafunzi mgeni. Lakini hiyo ya pili, ukiomba tena viza ya aina ile ile ndani ya miezi kumi na miwili, hulipi upya. Binti wetu wa Seme hakuwa anajua, na ajenti wake alikuwa tayari anamtaka atoe nyingine. Kwa Uingereza, ada ya matibabu hurudishwa viza ikikataliwa, ila ada ya viza yenyewe hairudi.

Kwa Kanada, serikali inataka mwanafunzi aonyeshe pesa za kuishi. Ilikuwa dola 10,000 za huko kwa miaka mingi, ikapanda hadi 20,635 mwaka 2024, kisha 22,895 kuanzia Septemba 2025. Wengi huziweka katika benki ya Kanada kwa akaunti maalum. Hizo ni zako, si karo. Viza ikikataliwa, benki hiyo huzirudisha ukiwaonyesha barua ya kukataliwa, ikikata gharama zake.

Ajenti naye? Ada yake ni ya kazi aliyofanya, na mara nyingi hairudi. Ndiyo maana muulize mapema, tena kwa maandishi. Muulize pia leseni, kwa sababu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala wanaotafutia vyuo vya nje wanafunzi. Asiyekuwa nayo ana ujasiri gani wa kupokea pesa za kina mama?

Kujiondoa si kunyamaza

Kijana akiacha kwenda darasani, chuo hakihesabu kwamba amejiondoa. Vyuo vingi huhesabu kuanzia siku barua ya kujiondoa ilipofika. Kwa yule aliyekwisha kuanza masomo, hasa Marekani, kiasi cha kurudishwa hupungua wiki baada ya wiki mpaka kinafika sifuri, huku muhula haujafika hata nusu. Tena akijiondoa akiwa huko, kibali chake cha kukaa kinaguswa, kwa hiyo aende kwanza kwa ofisi ya wanafunzi wageni ya chuo kabla ya kutia sahihi popote.

Hapa niseme wazi, sisi watu wazima ndio tunaowachelewesha. Mtoto tumemfanyia harambee, padri amembariki mbele ya watu, mwenyekiti amepigwa naye picha. Ataanzaje kusema mambo yamekataa? Zile wiki tano za binti wa Seme hazikupotea kwa ujinga. Aliogopa nyuso zetu. Bahati yake tarehe ya mwisho ya chuo ilikuwa haijapita, ilibaki siku tisa.

Barua yenyewe haihitaji maneno mengi. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya mwanafunzi, kozi na muhula, sentensi moja kwamba anajiondoa, sababu, kiasi kilicholipwa na tarehe, na ombi la kurudishiwa. Aambatanishe risiti na barua ya ubalozi. Aombe wamjibu kwamba wamepokea, na nakala ikae kwenye faili ya kikundi. Mwalimu wa sekondari iliyo karibu anaweza kusaidia Kiingereza. Chuo kikimshauri aahirishe hadi muhula mwingine, asikubali mbio mbio. Mara nyingi akishaahirisha, haki ya kurudishiwa inapungua au inakwisha.

Kabla ya kutuma

Mwombeni kijana alete masharti ya chuo ya kurudisha pesa. Yasomwe mkutanoni, mtu ayafasiri kwa Dholuo, hata kama itachukua mchana mzima. Kisha kama benki yenu inaweza kutuma moja kwa moja kutoka akaunti ya kikundi hadi chuoni, ikiwa na namba ya mwanafunzi, fanyeni hivyo. Gharama ni kubwa kidogo kuliko kupitia kwa jamaa, lakini njia ya kurudi inakuwa ni yenu. Ikibidi alipe jamaa, atie sahihi kwamba pesa si zake, na alipe kutoka akaunti isiyo na mkopo.

Karatasi ya makubaliano iwe moja tu. Iandike nani ametoa ngapi, na zikirudi nani analipwa kwanza. Iandike pia kama dola ikishuka hasara ni ya nani. Kina mama wa Seme sasa wameamua mkopo wa kikundi unalipwa kwanza, kisha familia, na za harambee zinabaki kwa masomo ya kijana yule yule hapa nchini. Ninyi mnaweza kuamua vingine.

Na mtu wa hapa Kenya akikataa kutoa pesa zilizorudi, awe ajenti au jamaa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Kisumu iko. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nendeni na risiti, ujumbe wa M-Pesa na ile karatasi. Bila karatasi nimeona watu wakirudi nyumbani mikono mitupu.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Je, kuna kijana ambaye tumemchangia kwenda ng'ambo? Nani alilipa chuo, na kwa jina gani?

2. Viza yake ikikataliwa leo, pesa zitaingia akaunti ya nani? Akaunti hiyo ina deni?

3. Wale waliotoa 500 au 1,000 kwenye harambee wana haki gani? Mjadili bila kuharakisha, na waliotoa kidogo waanze kusema.

4. Binti au kijana wetu akitaka kutuambia kwamba amejiondoa, atamwendea nani katika kikundi hiki bila kuogopa? Mchagueni mtu huyo leo, na jina lake liandikwe kwenye daftari.