Mume amehamia shambani, watoto hawataki kusikia habari za jembe

Barua ya wiki hii imetoka Leicester, Uingereza. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Tanga, ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe.

BARUA

"Mshauri, salaam nyingi. Mwaka jana mume wangu alipata kipande cha shamba cha kukodi kutoka halmashauri, baada ya kukaa sana kwenye orodha ya kusubiri. Alifurahi mno, nami nikafurahi naye. Kwao ni Lushoto, amekulia kwenye kabichi na karoti. Lakini tangu Machi iingie hatuna tena Jumamosi wala Jumapili. Kukipambazuka anawaamsha watoto wote, wa miaka 14, 10 na 6, waende shambani. Binti mkubwa analia. Wa kati akikosea nyumbani, adhabu yake ni kupalilia. Mdogo anachezea tope mpaka anatetemeka kwa baridi.

Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jumamosi nikitoka kazini nataka kulala, halafu Jumapili tutoke sote kama familia nyingine, tukaone maua na wanyama. Nikisema hivyo ananijibu kwamba watoto wetu wanageuka Wazungu, hawajui chakula kinatoka wapi. Machi alipanda mahindi na mchicha, hakikuota kitu. Badala ya kupumzika akazidisha kulima. Anaogopa kamati inayosimamia vipande itamnyang'anya chake kwa sababu nusu yake bado ni nyasi. Anayemfurahisha ni mzee mmoja wa Kihindi mwenye kipande jirani, mzaliwa wa Jinja. Wanaongea Kiswahili mpaka giza linaingia. Wiki iliyopita nilimwambia achague, shamba au sisi. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Nifanye nini?"

JIBU

Mama huyu hajaolewa na mlevi wala mvivu, na hapo ndipo penye ugumu wa barua yake. Mume anafanya jambo jema, analifanya kwa bidii, na nyumba inaumia. Mke naye anaomba jambo dogo, siku moja ya kutembea na watoto wake, na anaonekana adui wa jembe. Ukiisoma barua kwa utulivu, chanzo cha ugomvi ni kalenda. Baba analima Leicester kwa kalenda ya Usambara, na kalenda hiyo imemeza siku za mapumziko za watu watano.

Lushoto masika huanza Machi. Mvua ikishuka, kila mwenye jembe anatoka, kwa kuwa anayechelewa anajua atakavyovuna. Aliyekulia huko, Machi ikiingia, mwili wenyewe unamsukuma nje. Leicester mvua hunyesha miezi yote; kinachosubiriwa na mkulima wa huko ni joto la udongo. Mbegu ya mahindi inataka udongo wenye nyuzi 10 hivi za Selsiasi ndipo iote, na mchicha unataka zaidi ya hapo. Machi udongo wa katikati ya Uingereza huwa haujafikia joto hilo, hivyo mbegu inakaa kwenye unyevu wa baridi mpaka inaoza. Hata mche ukibahatika kuchomoza, usiku wa kugandisha maji unaweza kurudi mpaka katikati ya Mei na kuubabua. Kwa hiyo mahindi ya baba hayakukosa jasho la watoto. Yalikosa wiki nane.

Habari hii inapaswa kumpa nafuu, maana inampunguzia kazi. Machi na Aprili yapo mazao yanayovumilia baridi: viazi mviringo vya mapema, njegere, vitunguu, figili, na sukuma wiki pamoja na jamaa zake. Hayo ndiyo ya kushughulikia sasa. Mahindi yaanzie ndani ya nyumba, kwenye vikopo dirishani, kuanzia katikati ya Aprili, yahamishiwe nje mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Yakihamishwa yapandwe kwa mraba, mistari mifupi iliyokaribiana, kwa sababu chavua yake hubebwa na upepo. Mstari mmoja mrefu hutoa magunzi yenye mapengo. Mchicha na maboga ya kuchuma majani vifuate Juni.

Hofu ya kamati ni ya kweli, na mke asiipuuze. Mikataba mingi ya vipande hivi inadai sehemu kubwa iwe imelimwa, na wakaguzi hupita. Lakini kipande kamili kwa desturi ya Uingereza ni karibu mita za mraba 250, sawa na uwanja wa tenisi wa kuchezea wawili wawili. Kwa mtu mwenye kazi ya kuajiriwa, huo ni mzigo, ndiyo maana halmashauri nyingi siku hizi hukigawa nusu. Ile nusu yenye nyasi haihitaji kulimwa yote msimu huu. Inaweza kufunikwa kwa turubai jeusi, au kwa maboksi yaliyotandazwa na kumwagiwa mboji juu. Nyasi zikikosa mwanga kwa miezi kadhaa zinadhoofika na kufa. Baba aiulize kamati kwanza, kwa kuwa kila mahali pana masharti yake, na aieleze mpango wake mapema kabla mkaguzi hajafika.

Kisha kuna mwanga, ambao hakuna aliyeutaja. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza husogeza saa mbele kwa saa moja. Kuanzia hapo jua la Leicester linazama karibu saa 1 na nusu jioni. Mwisho wa Aprili ni saa 2 na nusu, na mwisho wa Mei ni saa 3 na robo. Mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako jua huzama kwenye saa 12 mwaka mzima, huchukua muda kuzoea kwamba jioni ya siku ya kazi nayo ni siku nzima ya pili. Jioni mbili za katikati ya wiki, baba akishuka kazini, zinatosha kwa kazi nyingi za Aprili. Jumamosi asubuhi aende kwa saa mbili na wale wawili wadogo, mama apate kulala nyumba ikiwa kimya. Jumapili iondolewe kabisa kwenye ratiba ya shamba.

Sasa watoto.

Kupalilia kwa adhabu kukome leo. Wasomaji wengi waliosoma Tanzania wanakumbuka kufyeka nyasi kwa kosa la kuchelewa mstarini, na wanajua kama walitoka pale wanaupenda ufyekaji. Baba anataka watoto waheshimu jembe. Akilifanya fimbo, watalikimbia siku watakapoweza kukimbia. Makosa ya nyumbani yaadhibiwe nyumbani.

Badala yake kila mtoto apewe mita moja ya mraba iwe yake, na baba asiiguse bila kuombwa. Mdogo apande figili. Mbegu zake ni kubwa kiasi cha kushikika na vidole vya mtoto wa miaka 6, zinafukiwa kina cha sentimita 1, na ndani ya wiki moja hivi hutoa vijani viwili vyenye umbo la moyo. Wiki nne au tano baadaye anang'oa kitu chekundu alichokipanda mwenyewe, kabla hajachoka kungoja. Wa kati apande alizeti na apewe futi ya kupimia. Mtoto wa miaka 10 anapenda kitu kinachokua kikampita kimo. Wote wawili wavae viatu vya mpira na soksi nzito, na watakapoanza kutetemeka warudishwe nyumbani hapo hapo.

Binti wa miaka 14 anahitaji jambo tofauti. Kulia kwake kusichukuliwe kuwa ni deko. Huo ni umri wa kutaka kuulizwa kwanza, naye ameamshwa tu. Apewe miche ya dirishani: vikopo vya mahindi, kumwagilia, kuamua lini vitolewe nje mchana ili vizoee upepo. Hiyo ni kazi yenye madaraka na haina tope. Kama hataki hata hiyo, abaki nyumbani Jumamosi, na asisemwe mbele ya wadogo zake.

Jumapili ni ya matembezi, na Leicester imebarikiwa. Kaskazini-magharibi ya mji, kijijini Newtown Linford, ipo Bradgate Park, ardhi ambayo Charles Bennion aliinunua na kuwapa wananchi wa Leicestershire mwaka 1928. Anayeingia kwa miguu halipi. Kinacholipiwa ni maegesho ya gari. Kulungu wanazunguka humo wakiwa huru, na watoto waelezwe mapema kwamba hawasogelewi wala hawalishwi. Yapo magofu ya nyumba ya ukoo wa Lady Jane Grey, msichana aliyetangazwa malkia wa Uingereza mwaka 1553 na kuondolewa baada ya siku 9, akiwa bado kijana mdogo. Jirani na hapo kuna msitu wa Swithland Wood. Mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei chini ya miti yake kunatanda maua ya buluu yenye umbo la kengele. Mama aliyeandika kwamba anataka kuona maua aanzie hapo. Familia ifuate njia tu, kwa kuwa majani ya maua hayo yakikanyagwa mmea unadhoofika, na kung'oa mimea ya porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1981.

Kwa binti mkubwa kuna kisa cha kumsimulia njiani. Mwaka 1956, katika miamba ya eneo hilo la Charnwood, msichana wa miaka 15 aitwaye Tina Negus aliona alama mfano wa jani kwenye jiwe. Akamwambia mwalimu wake wa jiografia. Akajibiwa kwamba miamba ya umri ule haina visukuku. Mwaka uliofuata mvulana wa shule, Roger Mason, aliiona alama ile ile akiwa na wenzake, habari ikamfikia mwanajiolojia wa chuo kikuu cha Leicester, na mwaka 1958 kiumbe hicho kikapewa jina la Charnia masoni. Kina umri wa zaidi ya miaka milioni 550, na jiwe lenyewe limehifadhiwa kwenye makumbusho yaliyopo New Walk mjini humo. Mvua ikiharibu Jumapili, familia inaweza kwenda kulitazama. Binti anayeona kwamba hasikilizwi atakuwa na maneno yake juu ya Tina Negus, na wazazi wamwachie ayaseme.

Kuhusu yule mzee wa Jinja, mama amtazame kwa jicho jema. Leicester ilipokea Waasia wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na Kiswahili walichoondoka nacho wengine hawakukiacha. Mume wake, pale kwenye ukingo wa shamba, amepata lugha yake, udongo, na mtu mzima wa kumpa shikamoo, vitu vitatu ambavyo pengine kazini kwake havipo. Mke akishindana navyo atashindwa, tena bila sababu. Jioni moja abebe chupa ya chai na maandazi, aende akamsalimie mzee huyo. Mkulima mwenye uzoefu wa majira ya huko akisema mahindi yangoje, neno lake litapokelewa kwa urahisi kuliko likitoka kwa mke.

Lililobaki ni kauli ya "chagua, shamba au sisi." Irudishwe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1922 inaeleza kipande cha namna hii kuwa ni cha kuzalisha mboga na matunda ya kuliwa na mwenye kukodi au familia yake. Hata kwenye maandishi, shamba hilo na nyumba hiyo haviko pande mbili. Mama asilizungumze jambo hili mume anapoingia na viatu vya tope, wala yeye mwenyewe anapotoka zamu. Angoje wakiwa wamekula na watoto wamelala, kisha aseme kwa upole: "Baba watoto, lile neno la kuchagua nalifuta, nisamehe. Shamba ni letu. Juni nataka unipe tuta langu la mchicha. Nami nakuomba Jumapili." Halafu anyamaze, amwachie nafasi ya kujibu. Baba aliyelelewa kwenye jembe anaposema watoto wanageuka Wazungu, mara nyingi anasema hofu yake mwenyewe ya kusahaulika. Hofu hiyo inaponywa mezani: figili za mdogo zikatwe kwenye kachumbari, sukuma ya shambani iliwe na ugali, na mpikaji aseme kwa sauti imetoka kwa nani.

Wakikubaliana, waandike kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: jioni mbili za baba, Jumamosi ya saa mbili, Jumapili ya wote. Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei ni sikukuu za kitaifa, na mwisho wa Mei shule hufunga kwa wiki moja. Ya kwanza wampe baba kwa ajili ya shamba, ya mwisho iende kwenye matembezi ya kutwa.

Likizo hiyo ya Mei iwe ndiyo kipimo. Ikifika na wikiendi bado zinaliwa zote, familia irudishe nusu ya kipande kwa halmashauri na kubaki na mita za mraba 125, ambazo zinatosha kwa mboga nyingi za watu watano. Maombi hayo ayaandike baba mwenyewe, kwa kuwa mkataba uko kwa jina lake, na ayapeleke kabla kodi ya mwaka unaofuata haijadaiwa.