Kula Yako ni Siri Yako: Somo la Matamshi Kutoka Landless

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeombwa niandike somo la matamshi. Wengine watauliza, kwani huyu ndiye wa kutufunza matamshi? Naam, ndiye. Aliyeumwa na nyoka ndiye ajuaye sumu, na mimi ulimi wangu uliniuma mbele ya watu.

Ilikuwa siku ya mdahalo, nikiwa Kidato cha Pili. Hoja ilisema kwamba vijana wanapaswa kushiriki katika uchaguzi, nami nilikuwa mtetezi wa kwanza. Nilikuwa nimeikariri hotuba yangu usiku kucha. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mheshimiwa, nikaanza: "Bwana Spika, kula ni haki ya kila raia aliyefika miaka kumi na minane! Usikubali mtu anunue kula yako kwa shilingi hamsini! Kula yako ni siri yako, usimwonyeshe jirani! Na ukimwona mtu anaiba kula, mpeleke polisi mara moja!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nilidhani wameipenda hoja, nikaongeza sauti. Mwalimu wetu alijifunika uso kwa daftari. Nilipoketi ndipo rafiki yangu tunayeketi dawati moja aliponinong'oneza huku machozi ya kicheko yakimtoka: "Wee, umetunyima chakula kwa watoto wote wa nchi hii!"

Sasa sikiliza. Huyo rafiki yangu ndiye aliyepewa kazi ya kuwakaribisha wageni mezani baada ya mdahalo. Akashika kipaza sauti, akasema kwa madaha: "Wageni wetu waheshimiwa, sasa ni saa ya kura. Tafadhari naweni mikono kwanza."

Nyani haoni kundule!

KWA NINI ULIMI HUTELEZA?

Mimi ni Mkamba, na rafiki yangu ni Mkikuyu. Mkaaji yeyote wa Landless atakwambia kwamba hapa Thika, ukiifuata barabara ya Garissa, hizo ndizo lugha mbili utakazozisikia kila kioski. Katika Kikamba tuna sauti /l/, ila /r/ hatuna. Katika Kikuyu wana /r/, ila /l/ hawana. Kwa hiyo mimi nikilikuta neno lenye /r/, ulimi wangu unaitafuta sauti ya jirani, nayo ni /l/. Mwenzangu anafanya kinyume. Ukituchanganya sisi wawili, unapata Mswahili mmoja kamili!

Hata mtaa wenyewe haukusalimika. Kuna nyanya mmoja jirani yetu anayeuita Randirethi. Mama yangu anauita Landilesi. Makanga akiwa na haraka anasema Landlesi, na wote wanashuka kwenye steji moja bila kupotea.

Tuwe makini hapa, kwa sababu ndilo jambo kuu la somo hili. Kosa la namna hii halitokani na ujinga wala uvivu. Mtoto hujifunza sauti za lugha yake ya kwanza kabla hajajua kushika penseli. Baadaye akikutana na sauti ngeni, sikio lake huipeleka kwenye sauti aliyoizoea, na ulimi hufuata sikio. Vijana siku hizi husema "ameshrabu". Walimu wetu husema ameathiriwa na lugha ya mama. Jambo ni lile lile.

Kila jamii ina mtego wake. Tazama:

1. Sauti /l/ na /r/. Huu ni mtego wa Wakikuyu na Wakamba, kama ulivyoona. Zote mbili hutamkiwa kwenye ufizi na zote ni ghuna. Tofauti ni kwamba /l/ ni kitambaza, yaani hewa hupita kandokando ya ulimi, na /r/ ni kimadende, yaani ncha ya ulimi hupigapiga ufizi.

2. Sauti /b/, /d/ na /g/. Wengi wetu wa sehemu hizi huzitanguliza kwa king'ong'o, tukapata mb, nd na ng. Gari huwa "ngari", na dawa huwa "ndawa".

3. Sauti /s/ na /sh/. Katika Kijaluo hakuna /sh/, basi shamba huwa "samba" na shati huwa "sati". Kikuyu nacho hakina /s/, na mahali pake mara nyingi huwekwa th. Ndiyo maana sabuni kwa Kikuyu ni thabuni, na saa ni thaa.

4. Sauti /th/ na /dh/. Huu ni mtego wa karibu sisi sote. Weka vidole viwili kooni. Tamka th ya "thelathini": koo limetulia. Sasa tamka dh ya "dhahabu": koo linatetemeka. Hiyo ndiyo tofauti pekee. Zote hutamkiwa kwenye meno, lakini moja ni ghuna na nyingine si ghuna.

Na hapo ndipo penye kichekesho kikubwa. Jina la mji wetu, Thika, limeandikwa kwa tahajia ya Kikuyu, na th ya Kikuyu hutamkwa kama dh ya Kiswahili. Mgeni kutoka Pwani akilisoma kwa kanuni za Kiswahili, atatamka th ya thelathini, na wenyeji watamcheka. Mwingine atasema "Tika". Kumbe sisi tunaowacheka wengine tunaishi katika mji ambao watu hawajakubaliana namna ya kuutamka!

KISWAHILI CHENYEWE JE?

Usidhani makosa haya ni ya wanafunzi peke yao. Lugha yenyewe imejengwa kwa mengi ya namna hii. Neno la kigeni likiingia, halina budi kuvaa nguo za wenyeji.

Chukua neno "kitabu". Waarabu husema kitab, na kwao "ki" si kiambishi hata kidogo. Waswahili walipolisikia wakaona "ki" ya kiti na kikombe, wakasema kimoja kitabu, vingi vitabu. Leo nani atathubutu kusema ni kosa? Kule Tanzania, Waingereza waliweka mabango barabarani ya kuwataka madereva wapite kushoto, "keep left". Watu wakalifanya lile agizo kuwa jina la mzunguko wa barabara, wakasema kiplefti kimoja, viplefti viwili. Hesabu imekamilika.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu walilitamka jina hilo kwa ndimi zao, likawa Kariokor huku Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Majina hayo mawili yanawakumbusha watu wale mpaka leo. Fikiria, msomaji: lau kama wangelitamka "sawasawa", pengine lingekuwa limesahauliwa.

Neno "barua" nalo lilipanda bara. Wakikuyu wakalipokea kama marũa, na Wakamba wakalipokea kama valũa. Pesa ikawa mbeca, farasi akawa mbarathi, na hospitali ikawa thibitari.

Na jina la nchi yetu? Wakikuyu huuita mlima ule Kirinyaga. Wakamba huuita Kiinyaa. Mmishenari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona akiwa Kitui mwezi Desemba 1849, akaliandika jina kama sikio lake lilivyolipokea kutoka kwa wenyeji wake. Ndilo lililozaa Kenya. Basi kila tuimbapo wimbo wa taifa, tunalitamka neno lililopita katika ndimi za watu kadhaa kabla ya kutufikia.

Isitoshe, kuna matamshi ambayo sisi wa bara huyaita makosa kumbe ni lahaja. Mtu wa Mombasa akisema "ndia" badala ya njia, au "ndaa" badala ya njaa, hajakosea. Hicho ni Kimvita, lugha yenye ushairi wa karne nyingi. Kiswahili sanifu tunachotahiniwa kilitokana na Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano uliofanyika Mombasa 1928. Usanifu ni makubaliano ya watu. Haukushuka kutoka mbinguni.

BASI TUSEME TUTAKAVYO?

La hasha! Hapo ndipo wengine hupotoka. Kama neno limebaki na maana yake, msikilizaji atakuelewa, hata akitabasamu. Ukisema "ngari", hakuna atakayedhani ni kitu kingine. Lakini kuna maneno ambayo sauti moja ikibadilika, maana nayo inahama. Haya tunayaita vitate, na ndiyo hutunyima alama katika karatasi ya pili ya mtihani. Yatazame machache:

Kura (ya uchaguzi) na kula (chakula).
Mahari (mali ya kuposea) na mahali (pahala).
Mbari (ukoo) na mbali (si karibu).
Doa (alama ya uchafu) na ndoa (ya mume na mke).
Bao (la mpira) na mbao (za seremala; mtaani pia ni shilingi ishirini).
Goma (kataa kufanya kazi) na ngoma (ya kuchezwa).
Sindano (ya kushonea) na shindano (la kutafuta mshindi).
Soka (mpira wa miguu) na shoka (la kukatia kuni).
Thamini (ona kuwa na thamani) na dhamini (toa dhamana au gharama).

Waza mtu akisimama arusini aseme, "Bwana arusi na bibi arusi, Mungu alibariki doa lenu!" Au mfungaji wetu hodari asifiwe kwa kufunga mbao tatu, kana kwamba alikuwa akijenga kioski.

NENO KUHUSU KICHEKO

Hadi hapa umecheka, na mimi nimecheka. Sasa niruhusu nikiri jambo.

Muhula wa kwanza wa mwaka ule ule, kabla ya mdahalo wangu, msichana mmoja alijiunga nasi kutoka Nyanza. Baba yake alikuwa amepata kazi ya kiwandani hapa Thika. Siku yake ya pili aliombwa asome ufahamu kwa sauti, akasoma: "Baba alikwenda sambani na soka begani." Darasa lilivunjika mbavu. Kabla ya kengele ya mapumziko alikuwa na jina jipya, Soka. Aliyembatiza jina hilo ni mimi.

Tangu siku hiyo hakuinua mkono tena. Akiulizwa swali, aliangalia meza. Sisi tulisema ni mkimya tu, ndivyo alivyo. Muhula mzima ukapita.

Kisha ikaja ile siku ya kula kuwa siri. Nilipokuwa nimesimama pale mbele na ukumbi mzima unanguruma, niliona uso mmoja ambao haukucheka. Alikuwa yeye. Niliyaelewa mambo mengi kwa mara moja, na hotuba yangu ikaniishia mdomoni.

Wiki mbili baadaye mwalimu alitusomea insha moja bila kutaja mwandishi. Ilikuwa nzuri, imejaa methali zilizokaa mahali pake. Tulipiga makofi. Mwalimu akamwomba mwandishi asimame, akasimama yule msichana. Maneno yale yote alikuwa nayo muda wote, nasi tulikuwa tumemfunga kinywa kwa sababu ya sauti moja.

Nilimwendea wakati wa chakula nikamwomba radhi. Akanitazama, akaniuliza, "Wewe si ndiye yule wa kula ni siri? Basi mbona unakula hadharani?" Tukacheka pamoja, na kicheko hicho kilikuwa tofauti. Tulianza kufanya mazoezi watatu: yeye, mimi na jirani yangu wa dawati. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake, kwa maana sauti isiyosikika kwa mmoja wetu ilisikika kwa mwingine.

Hii ndiyo njia tuliyotumia. Kwanza, soma kwa sauti dakika kumi kila siku, polepole. Pili, tumia vitate vilivyo hapo juu, viwili viwili, mpaka sikio litofautishe kabla ya ulimi. Tatu, jitungie kitanza ndimi. Hiki ni chetu, kijaribu mara tano bila kupumua: "Lori la Laura lililala Ruiru, reli ya Ruiru ikalaliwa na lori la Laura." Nne, mwenzako akikosea, mtamkie neno sahihi taratibu, usimpe jina.

ZOEZI

Chagua neno sahihi.
(a) Shati lake jeupe lina (doa, ndoa).
(b) Bwana arusi amemaliza kulipa (mahali, mahari).
(c) Muuguzi alimdunga (shindano, sindano).
(d) Mfanyabiashara mmoja aliji­tolea (kudhamini, kuthamini) mechi yetu kwa kununua mipira.
(e) Kila raia apige (kula, kura) kwa hiari yake.

Majibu: (a) doa (b) mahari (c) sindano (d) kudhamini (e) kura.

Ukipata yote, hongera. Ukikosa moja, kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ukikosa ya mwisho, njoo tuketi dawati moja.

Kalamu naiweka chini. Karibuni chamani, na karibuni mzungumze. Ulimi usiotumika ndio usionyooka.