Kuhamisha Tundu la USB: Somo la Mkondo wa Umeme kwa Shule za Milimani

Katika nyumba zilizotawanyika migongoni mwa milima ya Usambara, taa ndogo ya jua ni chombo cha kawaida. Mwanafunzi wa Lushoto huifahamu kabla hajaifahamu Kanuni ya Ohm, na hufahamu pia jinsi inavyokufa. Mara nyingi betri na balbu ni nzima, ila tundu la USB la kuchajia limelegea kwa kuchomekwa na kuvutwa kila siku, hata likang'oka pamoja na vipande vyembamba vya shaba vilivyolishikilia kwenye bodi. Likifika hapo halirudi mahali pake. Fundi huliweka pengine na kuliunganisha kwa nyaya. Tunaona kwamba kazi hiyo yafaa kuwa somo la sekondari, mradi mwalimu asiigeuze kuwa zoezi la mikono tu.

Mwalimu asianze na chuma cha kulehemia. Aanze na bodi mbovu, mita na karatasi, betri ikiwa imekwisha kuondolewa. Tundu dogo la aina ya micro lina vipini 5, vilivyoachana kwa milimita 0.65 tu, katika taa ya kuchajiwa, vinavyotumika kwa kawaida ni viwili vya pembeni, chanya cha volti 5 na hasi. Kila mwanafunzi achore njia ya mkondo, aseme anachotazamia, ndipo apime. Atakayebadilisha chanya na hasi atafanya hivyo kwenye karatasi, pasipoungua kitu. Taa iliyoletwa darasani ni mali ya watu, na jioni kuna mtoto anayeingojea asome.

Kisha liulizwe swali lenye uzito zaidi: waya uwe mrefu kiasi gani, na mnene kiasi gani? Hapa mifereji ya kumwagilia mboga hutusaidia. Mtoto aliyewahi kupeleka maji kwenye kabichi anajua kwamba mfereji mwembamba na mrefu hufikisha maji kidogo. (Mfano huu una mpaka wake, nao usemwe waziwazi: mfereji ukikatwa maji humwagika, waya ukikatwa mkondo husimama.) Waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.2 una ukinzani wa omu 0.55 hivi kwa kila mita. Tukitumia sentimita 10 kwenda na 10 kurudi, ukinzani ni omu 0.11, mkondo wa ampea 1 utapoteza volti 0.11, hasara ndogo. Tukitumia nusu mita kwenda na nusu mita kurudi, volti 0.55 zitapotea njiani, na bodi itapata 4.45 badala ya 5. Wanafunzi wakokotoe wenyewe, kisha wapime taa ikichaji.

Darasa lenye hamu litauliza habari za vipini vya data. Kanuni za USB 2.0, za mwaka 2000, huruhusu biti milioni 480 kwa sekunde, yaani kila biti hudumu nanosekunde 2 hivi. Kwa kasi hiyo hata sentimita chache za waya zina athari. Ndiyo sababu nyaya mbili za data husokotwa pamoja, zikawa fupi na za urefu mmoja, ili kelele inayoingia ipate zote mbili sawasawa na kufutika. Kwa taa jambo hili halihitajiki. Kwa kompyuta ndogo ni lazima.

Wakati wa kulehemu, madirisha yafunguliwe. Twajua kwamba Juni na Julai ukungu wa Lushoto humfanya kila mtu ayafunge, lakini moshi wa kulehemia haufai kuvutwa, na risasi hubaki mikononi. Wanafunzi wanawe kabla ya kula. Betri ya litiumu isikaribiane na chuma cha moto.

Kosa tunalolihofia kuliko yote ni kuachia risasi kazi ya kubeba nguvu ya mkono. Tundu jipya lifungwe kwa skrubu au gundi ngumu kwenye kasha lenyewe, na nyaya zilegee kidogo nyuma yake. Kabla ya kurudisha betri, mwanafunzi mwingine, siyo aliyelehemu, apime kati ya chanya na hasi kwa mita. Ikionyesha shoti, kazi ifumuliwe. Isipoonyesha, achomeke na kuchomoa waya mara 20, apime tena, ndipo betri irudi na taa iende nyumbani.